Tippu Tip wa Kasongo: maisha ya mtu wa mizani, kutoka wakia na frasila hadi namba za kompyuta

Zaidi ya karne moja tangu afariki Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, bado anazungumziwa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Wengine wanamtaja kama mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilieneza Kiswahili na Uislamu katika eneo hili. Wengine wanamkumbuka kwa bunduki, vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Yote mawili ni kweli.

Kuna upande wa tatu usiozungumzwa sana. Tippu Tip alikuwa mtu wa hesabu. Utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na ujuzi wa kugeuza hesabu ya aina moja kuwa ya aina nyingine: nguo kuwa pembe, pembe kuwa frasila, frasila kuwa riyali, riyali kuwa deni. Kazi hiyo ya kugeuza namba kutoka mfumo hadi mfumo ndiyo inayofanywa leo na kila kompyuta, au ordinatere kama wengi wanavyosema hapa Kongo. Anayefuata maisha yake anaweza kuielewa bila kugusa mashine.

Mtoto wa msafara

Hamed alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora, nchi ya Wanyamwezi, ambako alioa katika ukoo wa watawala. Kijana alisoma Kurani na kujifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alipofikia umri wa miaka 12 hivi, alianza safari fupi karibu na pwani pamoja na ndugu za mama yake, akifanya biashara ndogo ya sandarusi, utomvu mgumu ulionunuliwa na wageni kwa ajili ya kutengenezea vanishi.

Miaka michache baadaye alimfuata baba yake hadi Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganyika na kufika Urua, nchi ya Waluba. Huko ndiko akili yake ya biashara ilipoonekana. Wafanyabiashara wakubwa waligombania pembe kubwa za tembo, na bei yake ikapanda. Hamed akanunua pembe ndogo ambazo wengine walizidharau na ambazo zilikuwa rahisi. Zilipowekwa pamoja kwenye mzani, akapata faida.

Mzani usiohesabu kwa kumi

Mzani wa Unguja ulikuwa na mfumo wake. Kipimo kidogo kiliitwa wakia, nacho kilikuwa uzito wa riyali moja ya fedha ya Maria Theresa, karibu gramu 28. Wakia 16 zilifanya ratili moja. Ratili 3 zilifanya mani moja. Mani 12 zilifanya frasila moja. Kwa hiyo frasila moja ilikuwa na wakia 576, sawa na kilo 16 na kidogo.

Tuseme mfanyabiashara ana mzigo wa wakia 1,000 na anataka kuuandika kwa vipimo vikubwa. Anaanza kwa kugawanya kwa 16: anapata ratili 62, zinabaki wakia 8. Ratili 62 anazigawanya kwa 3: anapata mani 20, zinabaki ratili 2. Mani 20 anazigawanya kwa 12: anapata frasila 1, zinabaki mani 8. Jibu ni frasila 1, mani 8, ratili 2 na wakia 8. Kila mara anagawanya, anaandika kinachobaki, kisha anaendelea na kilichopatikana.

Njia hiyo hiyo, bila kubadilisha kitu, ndiyo inayofundishwa leo kwa wanafunzi wa informatiki. Sisi tunahesabu kwa makumi, yaani kila vitu kumi vinafanya kimoja cha nafasi ya juu. Hakuna sheria inayolazimisha kumi. Wengi wanaona asili yake ni vidole vya mikono. Mtu akikubaliana na wenzake, anaweza kupandisha kila vitu 16, au kila vitu 8, au kila vitu 2.

Wataalamu wa kompyuta wanapenda sana 16, sawasawa na ratili ya Unguja. Kwa kuwa tarakimu zetu zinaishia 9, wao wanaongeza herufi: A ni 10, B ni 11, na kuendelea hadi F ambayo ni 15. Namba 1,000 ikigawanywa kwa 16 inatoa 62 na kubaki 8. Hatua hiyo ya kwanza ni ile ile ya mfanyabiashara wetu. Halafu 62 ikigawanywa kwa 16 inatoa 3 na kubaki 14, ambayo ni E. Kwa hiyo 1,000 katika mfumo wa 16 inaandikwa 3E8. Rangi nyingi za kwenye skrini ya simu zinaandikwa kwa mfumo huo.

Itabwa, 1867

Jina la Hamed lilianza kutisha mwaka 1867 huko Itabwa, kusini-magharibi mwa ziwa Tanganyika. Alipambana na mtawala mwenye nguvu, Nsama, akamshinda kwa bunduki na kuteka ghala lake. Hesabu ya pembe zilizotekwa ilifikia karibu frasila 1,950, mbali na shaba nyekundu na chumvi. Ni wakati huo pia alipokutana na David Livingstone, mpelelezi kutoka Uskoti. Jina la Tippu Tip lilimshika kipindi hicho. Yeye mwenyewe alilieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema linatokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa.

Frasila 1,950 ni zaidi ya tani 31. Pembe hazikuwa na gari wala njia ya reli. Zilibebwa kichwani na begani. Kama kila mtu alibeba frasila mbili, yaani kilo 32, mzigo huo ulihitaji watu 975 kutembea miezi mingi hadi baharini. Hesabu za pembe zimehifadhiwa kwa makini. Hesabu ya watu, waliofika na walioanguka njiani, inabidi tuitafute kwa kugawanya.

Mkopo wa riyali 50,000

Safari yake kubwa kuliko zote ilianza karibu mwaka 1870 na kumalizika mwaka 1882. Mali ya kuanzia aliikopa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akifanya biashara Unguja. Mkopo ulikuwa wa thamani ya riyali 50,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Katika maduka ya Unguja namba ziliandikwa kwa sura mbalimbali. Waarabu na Waswahili walitumia tarakimu za Kiarabu, Wahindi wengi waliandika vitabu vyao kwa tarakimu za Kigujarati, na makonsuli wa Ulaya walitumia hizi tunazotumia sisi. Sura zilitofautiana, lakini mfumo ulikuwa mmoja: tarakimu kumi, na nafasi ya kila tarakimu inaonyesha thamani yake. Mfumo huo ulitoka India. Katika karne ya 9, mwanachuoni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu juu yake mjini Baghdad, na jina lake limezaa neno algoriti, yaani hatua za kufuata ili kutatua hesabu. Hata sifuri ya Waswahili na zéro ya Wafaransa zimetoka katika neno moja la Kiarabu.

Misafara ilileta sehemu ya hesabu hiyo Maniema. Sita, saba, tisa na ishirini ni maneno ya Kiarabu yaliyosafiri na wangwana kutoka pwani. Wenyeji hawakuyapokea yote. Hadi leo wengi mashariki mwa Kongo wanasema kenda badala ya tisa, na makumi mbili badala ya ishirini. Mfumo wa makumi mbili uko wazi kuliko ule wa pwani, kwa sababu neno lenyewe linaonyesha hesabu.

Kabambare na Kasongo

Barabara ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapanda hadi Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Livingstone, ambaye aliandika jina la Kabambare kama Bambarre, alikwama huko kwa muda mrefu kati ya 1869 na 1871 akiuguza miguu yenye vidonda. Maniema ilivutia kwa sababu pembe zilikuwa nyingi na wenyeji hawakuwa na soko lake. Bei ya pembe kwa shanga na nguo ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ile ya Unguja. Faida yote ilikaa katika tofauti hiyo, na ni mfanyabiashara peke yake aliyejua pande zote mbili za hesabu.

Tippu Tip mwenyewe alifika kwa njia ya kusini. Katika nchi ya Watetela alijitambulisha kwa mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie kama mjukuu wa ukoo wake kupitia kwa bibi aliyechukuliwa zamani. Mzee alimkubali na kumwachia madaraka, pamoja na pembe za ushuru. Mwaka 1874 alifika Nyangwe, akakutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, kisha akafanya Kasongo makao yake makuu. Mji huo wa zamani ulikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni.

Kwenye masoko ya njia hiyo, nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa upande mmoja au shuka. Mikono minane ilikuwa doti. Nafaka nayo ilikuwa na vipimo vya pwani: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kila kipimo ni mara mbili ya kile kilichotangulia.

Hapo ndipo ilipo siri ya kompyuta. Mwenye kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja anaweza kupima kiasi chochote kuanzia kibaba 1 hadi vibaba 7, akitumia kila chombo mara moja tu au kukiacha. Vibaba 5 ni pishi na kibaba, kisaga kinaachwa. Vibaba 6 ni pishi na kisaga, kibaba kinaachwa. Tukiandika 1 kwa chombo kilichotumika na 0 kwa kilichoachwa, tukianzia pishi, basi 5 inakuwa 101, 6 inakuwa 110 na 7 inakuwa 111.

Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Ndani yake kuna swichi ndogo sana za umeme, na kila moja ina hali mbili tu: umeme unapita au haupiti. Hali hizo ndizo 1 na 0. Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha maelezo ya hesabu hii ya mbili mwaka 1703, karne mbili na zaidi kabla ya mashine za umeme kuitumia.

Kugeuza namba ya kawaida kuwa ya mbili kunafuata njia ya wakia na frasila, ila mgawanyo ni wa 2 kila mara. Chukua 13. Nusu yake ni 6, inabaki 1. Nusu ya 6 ni 3, inabaki 0. Nusu ya 3 ni 1, inabaki 1. Nusu ya 1 ni 0, inabaki 1. Mabaki yanasomwa kutoka la mwisho kwenda la kwanza: 1101. Kurudi nyuma ni kujumlisha vyombo: 8 na 4 na 1, jumla 13. Na kwa kuwa nafasi nne za mfumo wa mbili zinatosha kuandika kuanzia 0 hadi 15, kila kundi la nne linageuka tarakimu moja ya mfumo wa 16. Namba 1101 ni D. Ndiyo sababu mafundi wanatumia 16: inafupisha mistari mirefu ya 0 na 1 bila kupoteza kitu.

Stanley na mkataba wa riyali 5,000

Oktoba 1876, Henry Morton Stanley alifika Maniema akitaka kufuata Lualaba hadi mwisho wake. Aliahidi riyali 5,000 ili Tippu Tip amsindikize kwa mwendo wa vituo 60, yaani riyali 83 hivi kwa kila kituo. Msitu, ndui na mapigano vilifanya safari iwe ngumu, na mwisho wa Desemba wakaachana kabla ya kumaliza vituo vyote. Stanley akaendelea hadi bahari ya Atlantiki. Habari alizopeleka Ulaya zilimfungulia njia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1882 na pembe nyingi, akamalizana na Taria Topan. Lakini dunia ilikuwa imebadilika. Mwaka 1885 Leopold alitambuliwa kuwa mwenye Nchi Huru ya Kongo. Februari 1887, Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Leopold huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alizunguka kusini mwa Afrika kwa meli pamoja na Stanley hadi mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto hadi huko.

Safari hii hesabu ziliandikwa katika vitabu vya watu wengine. Aliahidi wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Walipatikana wachache, tena wakachelewa. Stanley akamfungulia mashtaka Unguja akidai pauni 10,000. Kesi haikufika mwisho, lakini ilimfanya Tippu Tip aondoke Stanley Falls mwaka 1890. Hakurudi Maniema tena.

Mwisho wa mji

Vita kati ya dola ya Leopold na wakubwa wa Kiarabu na Kiswahili vilianza mwaka 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo ikafuata Aprili 22 mwaka huo huo, mbele ya jeshi la Francis Dhanis. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa Oktoba 1893. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Wananchi waliobaki walipata bwana mpya, na mzani mpya. Kodi ya mpira ilipimwa kwa kilo, na aliyeshika mzani alikuwa yule yule aliyeshika bunduki, kama zamani.

Tippu Tip alikaa Unguja miaka yake ya mwisho, akiwa na mashamba makubwa na maelfu ya watumwa, na kesi za mali kati yake na mshirika wake wa zamani, Rumaliza. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho kinahesabiwa kati ya tawasifu za kwanza kabisa za Kiswahili, nacho kimejaa namba: frasila, riyali, bunduki, siku za mwendo. Mwandishi alifariki Unguja Juni 1905.

Hesabu inayobaki Maniema

Biashara ya pembe imekwisha, lakini mizani haijaondoka. Kabambare na Kasongo zina wachimbaji wengi wa dhahabu. Mashariki mwa Kongo, wanunuzi wengi bado wanatumia tola, kipimo kilichotoka India, sawa na gramu 11.66 hivi. Bei ya dunia inatangazwa kwa aunsi ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ya mnunuzi inatajwa kwa dola, mchimbaji anafikiri kwa faranga. Hiyo ni mifumo mitatu au minne ndani ya mauzo ya dakika tano. Asiyejua kugeuza anaacha faida yake juu ya meza, kama muuza pembe wa Maniema mwaka 1870.

Kwa mwanafunzi wa Kasongo anayeanza informatiki, mfumo wa mbili na wa 16 unaweza kuonekana mambo ya mbali. Lakini hapa watu wanaishi na mifumo mingi kila siku: saa moja ya asubuhi ya Kiswahili ni saa saba ya Kifaransa, na makumi saba ya sokoni ni septante ya darasani. Kalamu na karatasi vinatosha kuanza. Agawanye, aandike kinachobaki, aendelee hadi sifuri. Halafu arudi kwenye zile frasila 1,950 za Itabwa, azigeuze kuwa kilo, na kilo azigeuze kuwa watu.